Unga wa Mlenda

Kontena liligongwa tena kwa ndani. Wanaume waliokuwa wakila wali chini ya turubai waliacha matonge hewani, na hakuna aliyenyanyuka.

"Mmesikia?" Rukaya akauliza.

"Tumesikia, shemeji," akajibu Mshamu, msimamizi wa kambi. "Hayo ndiyo maisha yetu tangu marehemu atutoke. Leo kazidisha tu."

Marehemu ni Abdala, mume wa Rukaya. Rukaya alikuwa ametoka eda juzi tu, na safari yake ya kwanza kutoka Mohoro ikawa kuja kwenye kambi hii ya wachimba visima, njia ya kwendea Nyamisati. Hakuja kumlilia mume. Alikuja kumtoa mdogo wake Haidari, ambaye kwa ukaidi wake aliikubali kazi ile ile iliyomuua shemeji yake.

Kazi yenyewe ni kukoroga unga. Mweupe, mwepesi, ukiumimina unapanda hewani kama moshi. Wanautia kwenye maji ya kuchimbia ili yawe mazito, kuta za shimo zisiporomoke. Konzi moja tu, na ndoo nzima inavutika. Ndiyo maana vijana wakauita unga wa mlenda. Huwekwa kwenye kontena, na ukimwagika, hufagiliwa mkavu. Siku ile mtu asiye na akili akaumwagia maji, sakafu ikawa utelezi mtupu, Abdala akaja mbio na mfuko begani. Kisogo kikatua kwenye chuma cha pampu. Hakuamka tena.

"Haidari yuko wapi?" ndilo lililokuwa swali la kwanza la Rukaya alipofika.

"Kaenda Kibiti kufuata barakoa. Nimemwona kwa macho yangu akipatana na mwenye bodaboda. Si wewe uliyempigia simu jana, ukamwapisha asiutie mkono unga ule bila barakoa, usije ukamganda kooni? Tangu hapo hatupumui, shemeji. Ukimgusa tu, dada kasema, dada kasema!"

Rukaya alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kumbe yule mkaidi anasikia! Akiwa mbali na kontena lile hata kwa nusu siku, ni nusu siku ya heri.

Kisha mashine ya kuchimbia ikazimwa ili watu wapate kula, na ndipo kugonga kukasikika.

Mlango aliukomea Mshamu mwenyewe asubuhi, manyunyu yalipoanza, maana unga ule na maji haviivi chungu kimoja. Aliukomea kwa kunyoosha mkono, uso kaugeuzia pembeni, kama afanyavyo siku zote tangu msiba. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa alijikaza, akasogea hatua chache. "Kama u mtu," akapaza sauti, "sema Bismillahi!"

Pwani yote inajua: jini neno hilo halimtoki.

Kwa ndani ikatoka sauti, lakini haikuwa neno. Ilikuwa mguno mzito, wa kuvutika, kama uji unaotokota kwenye chungu kilichofunikwa.

"Taja jina lako basi!"

Mguno ule ule.

"Lahaula!" Mshamu akarudi kinyumenyume, akakanyaga sahani ya mwenziwe. Mmoja akaanza Ayatul Kursiy, wengine wakaipokea.

Rukaya hakukimbia. Mtu aliyelala naye kitanda kimoja, amwogope kwa lipi? Akaenda mpaka mlangoni, akaweka kiganja kwenye bati. Jua lilikuwa limeshatoka, bati lilikuwa la moto. Kwa ndani, pale pale kilipo kiganja chake, pakagongwa, taratibu.

"Abdala," akasema, machozi yakimtiririka. "Ni mimi. Nimekuwia radhi duniani na akhera. Kama ni upweke, nivumilie, nitakuja siku yangu ikifika. Lakini Haidari niachie. Mama alinikabidhi angali ananyonya, sina mwingine. Niachie mdogo wangu, nakuomba."

Pakagongwa kwa pupa, kwa mikono miwili, na ule mguno ukapanda mpaka vijana wawili wakatimua mbio kuelekea barabarani.

"Nimekusikia," Rukaya akasema. "Basi, baba. Basi. Nenda ukapumzike."

Aliendelea kumbembeleza hivyo kama mtu anayelaza mtoto. Kugonga kukapungua, kukawa kukwaruza. Kukwaruza nako kukapungua. Mwisho pakawa kimya kabisa, na Rukaya akasubiri kidogo, asisikie kitu.

"Amekubali," akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. Alijiona mwepesi, hajajiona hivyo tangu azike.

Mshamu akafuta jasho, akamtandikia mkeka, akamtilia chai kwa mkono wake. Waliokimbia wakarudi, na utani nao ukarudi. "Shemeji, ungekuja mapema," mmoja akasema, "tusingekonda hivi!"

Chai haijaisha, bodaboda ikaingia kambini. Ally, dereva wake, alikuwa peke yake, na boksi limefungwa nyuma kwa mpira.

"Haidari umemwacha wapi?" Rukaya akamuuliza.

"Mimi nimwache wapi, dada? Hakwenda yule. Kanituma peke yangu, na simu yake kanipa nikamchajie." Ally aliinama kufungua mpira. "Ati dada yake anakuja leo, hataki akute mifuko imepangwa ovyo ikamwangukia mtu. Nikamwambia ngoja barakoa kwanza. Akasema kupanga mifuko si kugusa unga, nikirudi nimfuate humo humo kontenani."