Zoezi la Kwanza

"Nasra kaanza kujiandaa na mtihani wa chuo cha biashara, nawe umetuficha!" alifoka Bi Mwanakheri, kasimama mlangoni kwa jirani yake.

"Nikutangazie wewe, redio ya mtaa?" Mama Nasra akamjibu.

Majirani madirishani wakacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Zoezi la kwanza kila mtu alilijua: ndani ya siku tatu, mwanafunzi apunguze mtu mmoja nyumbani kwake. Aliyepunguzwa alifuatwa na gari jeupe, asionekane tena. Na mtu wa nyumbani ni yeyote aliyekula pale. Meza yenyewe ilihesabu vinywa. Ndiyo maana Bi Mwanakheri, aliyezoea kudoea pilau mtaa mzima, siku hizi alijipikia na kula peke yake.

Mle ndani walikuwa watatu tu: Mama Nasra, bintiye na mama mkwe.

Mama Nasra akausukuma mlango ukafunguka wote. Harufu ya pilau ikatoka. Nyuma yake, Nasra alikuwa akiweka sahani ya nne.

"Shoga yangu, tugombanie nini?" Mama Nasra akamshika mkono, wala hakuuachia. "Karibu ndani, ule."