Maji ya Chumba cha Nyuma

Saa moja asubuhi, katikati ya kiangazi, Agar alipiga magoti chumbani mwake na kumwaga beseni la maji ya matope chini ya ukuta wa nyuma. Akayasambaza kwa kiganja. Akarusha matone machache juu ya rangi nyeupe, kisha akanawa mikono, akafunga kitenge kizuri na kuketi mlangoni kungojea wageni.

Walifika saa tatu: Précieux, komisioneri aliyetafutia nyumba hiyo mnunuzi, pamoja na Maman Victoire, muuza vitambaa wa katikati ya mji wa Butembo. Mama huyo aliipenda sebule, akaupenda mti wa avoka uani. Alipofika chumba cha nyuma akasimama.

"Na hii?"

"Maji ya mulima, mama," Agar alisema, macho yake chini. "Inapitaka chini ya ukuta."

"Mais, lakini tuko mwezi wa saba!"

"Donc, basi mwezi wa kumi itakuwa je?" Agar aliuliza.

Maman Victoire alikusanya kitenge chake na kutoka. Précieux alibaki nyuma kidogo.

"Mama Agar, ulihamia hapa mwezi wa sita. Hiyo mvua uliiona wapi?"

"Ukuta unajisemea, papa."

Maman Victoire alikuwa mnunuzi wa nne kukimbia.

Tangu wakimbie vita kijijini Mavivi, Agar na mumewe Kambere walikuwa wamepanga nyumba tano. Kila mara watoto walipoanza kuzoea, mwenye nyumba aliuza, na magodoro yakapakiwa tena juu ya pikipiki. Sasa walikuwa na dola elfu saba, jasho la Kambere katika kakao ya Mutwanga. Mzee Syauswa, mwenye nyumba hii, alitaka elfu kumi na mbili.

Lakini Butembo nzima inajua: kiangazini nyumba ina kiburi, Septemba, shule zikifunguliwa na karo ikidaiwa, kiburi kinakwisha. Syauswa alikuwa na watoto watatu chuo kikuu, Kampala. Agar alihitaji tu nyumba isiuzwe hadi hapo.

Shida ni kwamba Septemba huja na mvua. Mvua kubwa ya kwanza ingeiacha sakafu kavu, na yeye angebaki mwongo mbele ya mtaa mzima. Kwa hiyo alihesabu kila wingu lililokaa juu ya kilima. Kanisani aliimba akitazama dirishani. Sokoni alisahau chumvi, akarudi, akasahau tena.

Kilichomuumiza zaidi ni mzee mwenyewe. Précieux alimpelekea kila neno. Mwenye nyumba mwingine angemtupia vyombo barabarani siku hiyohiyo. Syauswa alikuja, akasimama kwenye kizingiti cha chumba cha nyuma, akayatazama matope, akakohoa. Bei ikashuka hadi elfu kumi. Baada ya wiki mbili, elfu tisa. Hakumgombeza hata mara moja. Wema huo ulimchoma Agar kuliko matusi.

Wiki ya mwisho ya Agosti, mawingu yalipoanza kulala juu ya kilima, alimpigia mzee simu.

"Papa, tuko na elfu saba. Tunataka kuununua sisi wenyewe, huo mujengo."

Mzee alikohoa.

"Weye? Na ile maji, mama?"

"Tutachimba mufereji."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika, papa."

"Basi kesho asubui. Tusaini mbele ya mvua kuanguka."

Miguu ya wazee haipendi utelezi, Agar alijiambia.

Walitia saini sebuleni, shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa, akiwa shahidi. Mzee aliandika jina lake haraka, jicho moja dirishani. Wino haujakauka, mvua ikapasuka juu ya mabati. Shefu alikimbilia pikipiki yake. Wakabaki wawili, wakitazamana juu ya meza.

Agar aliitazama kola ya mzee iliyochakaa, akawaza watoto wale wa Kampala. Nyumba ilikwisha kuwa yake. Hakuna aliyemlazimisha kusema.

"Papa, munisamehe," alisema, karibu kupiga kelele ili mvua isimmeze. "Nilibaongopea batu bote. Maji haijaingiaka humu hata siku moja. Ni mie nilikuwa namwaga, na beseni. Nilitaka bei ishuke, batoto bapate pa kulala. Elfu mbili ingine tutawatafutia, polepole."

Syauswa aliiweka kalamu mezani. Alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama mtoto wa mwenzake akianguka.

"Ni weye ulikuwa unamwaga?" alisema polepole. "Na mie, tangu mwezi wa saba, najiuliza ni nani alikuambia juu ya hiyo maji."

Akainua miguu yote miwili kutoka sakafuni, akaiweka juu ya kiti.