Ufa Kwenye Gongo

"Waheshimiwa wa bweni la tatu!" Omwenga alitangaza juu ya benchi, mkono kifuani. "Leo hatuchezi mpira wa magongo. Leo tunatoa funzo la mwili kwa mwili!"

Benchi likapinduka naye.

Walicheka, lakini funzo walilitoa. Nusu fainali ilipokaribia kwisha, wawili walikuwa nje kwa kadi na mwingine ameshikilia barafu gotini. Waliobaki walijikokota kama wachukuzi wa soko la Warwick kwenye jua la saa saba.

Wapinzani wakapata kona ya penalti. Mabeki, Omwenga akiwemo, wakavaa barakoa za kujikinga uso, zote nyeusi, zote sawa. Mpira ukaja, miguu ikachanganyika, gongo likalia kwenye mfupa. Mshambuliaji akaanguka kimya.

Mwamuzi akamwonyesha kadi nyekundu beki mdogo kuliko wote. Fainali ingempita.

"Si mimi, ref! Haki ya Mungu, si mimi."

Omwenga hakuhisi aibu wala hofu. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi tangu lile pigo. Alitazama gongo lake: ufa ulianzia chini, ukapanda hadi kwenye utepe wa buluu aliouzungusha mwenyewe. Akalificha nyuma ya mgongo.

"Eish, Omwenga," nahodha alisema polepole. "Lete hilo gongo."

"La nini, kaka?"

"Lete tu."

Omwenga akavua barakoa.

"Ni mimi, ref. Nilimpiga makusudi."

Wenzake walimtazama, wakingoja aangue kicheko.