Kidole cha Mwisho

Jinamizi lilimkaba Shaibu mchana kweupe, amelala chali baada ya kula. Macho yalikuwa wazi, ulimi umekuwa jiwe, na kifuani kamkalia mtu mzito anayenukia uturi.

"Tikisa kidole cha mwisho, baba Zuhura!" mkewe alifoka. "Si nilikukataza kulala chali?"

Kidole kikatikisika, mzigo ukashuka.

Alasiri wakaenda mkutanoni. Mheshimiwa, yuleyule aliyenyakua malisho ya mifugo yao mwaka wa ukame na bado wakampigia vigelegele, sasa alitaka kumpa rafiki yake makaburi ya mji ajenge maduka. Zuhura wao kazikwa pale. Uturi wa Mheshimiwa ukamfikia Shaibu hadi mkekani alipoketi.

"Anayepinga anyooshe mkono. Hakuna? Ndiyo maana nawapenda, watu wangu!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Shaibu alitaka kunyoosha mkono, mkono ukagoma. Ulimi ukawa jiwe tena, na safari hii hakuwa amelala.

"Kidole, baba Zuhura," mkewe akanong'ona. "Anza na kidole."

Jukwaani Mheshimiwa alikwisha kufungua kalamu atie saini. Juu ya goti la Shaibu, kidole cha mwisho kikatikisika.