Mtu wa Chuma Hakugonga

"Amekufa," alisema Bi Umulkheir. "Yule ni mtungi wa gesi uliovishwa sura ya mtu."

"Yu hai," alijibu Bwana Kamaludin kutoka baraza ya ng'ambo. "Ubongo ni wake. Mapenzi ni yake."

Kichochoro kilichowatenganisha ni chembamba, punda wawili hawapishani, lakini ubishi wao ulisikika hadi msikitini. Katuni ya Kijapani ndiyo iliyowachokoza. Bi Umulkheir alikuwa ameitoa televisheni mlangoni, na majirani wakajaa kama harusini. Mwisho wa filamu, mwanajeshi alirudi kutoka vitani mwili wote chuma, akasimama mbele ya nyumba ya mkewe, akainua mkono. Kioo kikawa cheusi. Kama aligonga au hakugonga, hawakuambiwa.

Kwa Kamaludin hiyo haikuwa katuni tena. Tangu ahamie kwa dada yake Radhiya, baada ya Maulidi, kazi yake ilikuwa kuutazama mlango wa Bi Umulkheir. Mtaa mzima ulijua anachotaka: aitwe ndani. Alishapeleka kamba wa kukaanga, akapeleka halwa. Sahani zilirudi zimeoshwa, bila neno. Sasa alijiambia kwamba akimtetea huyu mtu wa chuma hadi akubaliwe, huenda na yeye akafikiriwa.

Bi Umulkheir hakuwa na huruma. Akasema mume kama huyo akitia udhu mara mbili ameshika kutu, na siku ya radi, nani atalala naye kitanda kimoja? Wanawake wakaangua kicheko. Kamaludin akajipiga kofi gotini, akawakumbusha kwamba na yeye humo ndani ana chuma, aliwekewa Mombasa, na bado anasali na anakula.

"Kula twakujua," alisema Radhiya, ambaye alikwisha kuchoka kumpikia.

"Mimi chuma hakinisumbui," alisema Bi Umulkheir, safari hii bila kucheka. "Lakini kasimama pale kama nguzo ya stima. Mdomo waliusahau kiwandani? Mbona hakugonga?"

Kamaludin akasogea ukingoni mwa baraza.

"Aliogopa."

"Aogope nini, na risasi haimwingii?"

"Kufunguliwa, kisha aambiwe amechelewa."

Radhiya akaacha kutafuna. Bi Umulkheir akazima televisheni, akainuka na kuusukuma mlango wake, mbao zote mbili. Harufu ya wali wa nazi ikamwagika nje.

"Hujachelewa," alimwambia Kamaludin. "Talaka uliyonitupia ni moja tu, na eda yangu haijaisha; bado waweza kunirejea. Njoo ule, wali wapoa."