Sifuri ya Kuruthumu

Mama Kuruthumu aliingia bila hodi, akaweka daftari la marehemu binti yake mezani. Mwaija alikuwa akifanya maswali ya hesabu. Yeye na Kuruthumu walikuwa wafanye mtihani pamoja, Jumatatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si mlikuwa mnasahihishana kwa wino mwekundu, utadhani walimu? Swali hili la mwisho halijasahihishwa. Nisahihishie."

Mwaija akasoma. Chembe imetoka mwanzo wa mstari, imeenda mita nne, imesimama, imerudi pale pale. Jumla imetembea umbali gani? Kuruthumu alitafuta kasi vizuri, akapata mpaka ilipogeukia. Halafu akaandika sifuri.

"Kapata?"

Mwaija akaizungusha kalamu nyekundu. "Kakosa, mama. Kwa vile imerudi ilikoanzia, kadhani haijatembea."

"Kumbe imetembea?"

"Nne kwenda, nne kurudi. Mita nane."

Mama akacheka kidogo, machozi yakamponyoka. "Nane! Mwandikie basi, mwanangu. Asiende na sifuri."

Mwaija akafungua kalamu, akangoja. Kiganja cha mama kilikuwa bado kimelala juu ya ukurasa, kimeifunika ile sifuri.