Mstari wa Juu

"Umeigusa programu yangu bila hata—"

"Nimegusa mstari mmoja tu, kaka Shaweji—"

"—bila hata kuniuliza, na mimi ndiye niliyeiandika."

"—na sasa inakubali kwenye kompyuta zote za ofisi."

Hilo ndilo lililomuuma Shaweji. Kwa miaka miwili, orodha ya mitaa itakayopata maji ilitoka kwenye mashine yake peke yake. Kila asubuhi foleni mezani kwake ilikuwa kama ya kinyozi siku ya kuamkia Idi. Huyu Zuhura ana wiki tatu tu kazini.

"Mstari wa juu unaiambia kompyuta mkalimani wa programu, yule anayeisoma na kuiendesha, anakaa wapi," Zuhura alisema. "Wewe uliandika anapokaa kwenye mashine yako. Kwa wenzako anakaa kwingine. Mimi nimeandika atafutwe kwa jina, popote alipo."

"Hongera, profesa."

Printa za vyumba vya jirani zilikuwa zinanguruma bila yeye. Kiti cha wageni, alichokifuta vumbi mwenyewe asubuhi, kilikuwa kitupu.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mwanahawa wa masijala, aliyezoea kuwa wa kwanza kwenye foleni, flashi yake ya kuchukulia orodha mkononi. Akakaa kwenye kile kiti.

"Kwako imegoma, dada?" Zuhura akamuuliza.

"Haijagoma. Inafanya kazi vizuri sana." Akaizungusha flashi vidoleni bila kumtazama Shaweji. "Nilikuwa naomba, yangu muirudishe ilivyokuwa."